Injini Inapogonga: Oili Nzito Inaponya au Inaficha?

Kuna dawa moja ambayo mwenye gari kuukuu hupewa katika gereji nyingi, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, hata kabla boneti haijafunguliwa vizuri. Mteja anasema, "Fundi, asubuhi gari linagonga." Fundi anasikiliza kidogo, anapangusa mikono, anajibu, "Bosi, injini imeshachoka hii. Mwaga hiyo oili nyepesi, weka ishirini hamsini, itatulia." Na mara nyingi hutulia kweli. Mlio hupungua siku hiyohiyo, mteja hulipa kwa furaha, na ushauri ule unapata shahidi mwingine. Baadhi ya injini hizo hurudi miezi michache baadaye zikiwa zimenoki, na hakuna anayekumbuka kwamba zilianza kwa kutulia.

Jambo hili linatugusa wengi kwa sababu magari yetu ni ya umri huo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliweka kikomo chini ya miaka 15. Tanzania hupokea hata yaliyozidi hapo, kwa ushuru wa ziada. Likishaingia, gari huishi nasi miaka mingine kumi au ishirini, hivyo IST, Premio au Probox iliyotoka kiwandani 2003 bado inapeleka watoto shule na mizigo sokoni. Msimamo wangu ni huu: oili nzito ina mahali pake, na nitapataja, lakini kuitia ili kuzima mlio ambao chanzo chake hakijajulikana ni kufuta ushahidi ambao injini ilikuwa inautoa bure.

Ushauri wa ishirini hamsini, yaani oili ya 20W-50, una asili ya heshima. Mafundi wengi walifundishwa na mafundi waliokulia kwenye Peugeot 504, Land Rover na Datsun. Hizo zilikuwa mashine za kweli: Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena 1978, na iliendelea kubeba abiria wa masafa marefu miaka mingi baada ya hapo. Injini za kizazi hicho ziliachiwa nafasi pana kati ya chuma na chuma, zilinywa petroli kupitia kabureta, na nyingi zilitembea na oili ya gredi moja tu, SAE 40. Kwenye joto la Tanga au Mombasa, oili nzito ilikuwa jibu sahihi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaanza kutoka injini za aina nyingine, kama 1NZ-FE ya Toyota ambayo leo imo ndani ya IST, Probox, Raum, Fielder na Premio za lita moja na nusu. Humo oili hailainishi tu. Inakaza cheni ya taimingi kwa presha yake, na kupitia mfumo wa VVT-i inazungusha gia ya kemu mbele na nyuma ili kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali. Inafanya hayo ikipita kwenye vijia vyembamba na wavu mdogo wa kuchuja ambao wenye magari wengi hawajawahi kuusikia. Dawa ikarithiwa kama ilivyo, wakati mgonjwa alishabadilika.

Tuangalie kwanza namba zenyewe, maana zinatajwa sana na kueleweka kidogo. Jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, ilianza kupanga oili kwa mnato mwaka 1911, na mpangilio huo ndio tunaousoma kwenye galoni hadi leo. Namba yenye herufi W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi kali: 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili inaeleza unene uliobaki injini ikishashika moto, kwa nyuzi 100. Watu wengi hufikia hapo na kusema: sisi hatuna theluji, W haituhusu. Inatuhusu. Kwa nyuzi 40, joto ambalo injini iliyolala nje Dar es Salaam haijalifikia alfajiri, 20W-50 ya kawaida ina mnato wa sentistoki 160 hivi. 5W-30 ina kama 60. Kadiri joto linavyoshuka pengo hilo hupanuka. Kwenye uwanda wa Kitulo, ambako mwezi Julai umande huganda, au Limuru asubuhi yenye ukungu, pampu inasukuma kitu kizito zaidi mara kadhaa kuliko kile ilichoundiwa, na sehemu za juu za injini hulazimika kusubiri. Injini ikishapata moto, 20W-50 ina sentistoki 18 hivi na 5W-30 ina kama 10. Tofauti ya mchana, basi, ni ndogo kuliko ile ya dakika za kwanza za asubuhi, na ni katika dakika hizo ambamo injini hulika zaidi.

Kwa nini unene una umuhimu hata kidogo? Jibu lilipatikana Uingereza mwaka 1883, mhandisi Beauchamp Tower alipokuwa akipima beringi za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, na badala ya kuingia, mafuta yakatoka. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akapigilia kipande cha mti, nacho kikatoka. Ekseli iliyokuwa ikizunguka ilikuwa inavuta mafuta kati yake na beringi kwa nguvu kiasi kwamba beringi ilielea juu ya presha iliyotengenezwa na mzunguko wenyewe. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaliandikia jambo hilo hesabu zake. Krenki ya gari lako hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Nafasi kati yake na beringi, injini ikiwa mpya, haifiki milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele, na utando wa oili unaobeba mzigo wote ni mwembamba zaidi ya hapo. Nafasi ikipanuka kwa kulika, oili hukimbilia pembeni, utando hushindwa kubeba, na chuma hugusa chuma kila pistoni inaposukumwa chini. Oili nzito hukimbia polepole zaidi, hivyo utando hurudi kwa kiasi na mlio hupungua. Hapo ndipo ukweli wa dawa ya ishirini hamsini ulipo, na anayeupuuza hatamshawishi fundi yeyote mwenye uzoefu.

Ila geji ya presha inaweza kumdanganya mtu. Inapima jinsi oili inavyopata taabu kupita, na oili nzito kwenye njia nyembamba hupandisha mshale hata kama kinachofika kwenye kemu kimepungua. Presha nzuri na mtiririko mzuri ni vitu viwili, na injini inaishi kwa mtiririko.

Kabla ya yote hayo kuna hatua moja ambayo ningependa kila dereva aifanye kabla ya kumpigia fundi: chomoa kijiti cha oili. Ni jambo dogo hata linaonekana la kitoto, lakini sababu ya kawaida kabisa ya injini kuukuu kuanza kulia ni kwamba oili imepungua. Injini ya 1NZ-FE hubeba lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Tuseme ringi zimelegea na injini inakula nusu lita kila kilomita 1,000, kiasi ambacho hakitoi moshi wa kumshtua jirani. Stika ya sevisi inasema urudi baada ya kilomita 5,000. Ukifika huko bila kuongeza, umepoteza lita mbili na nusu, na kilichobaki kwenye sampu ni kama lita 1.2. Muda mrefu kabla ya hapo, ukikata kona au ukipanda mlima pampu inavuta hewa, tenshena ya cheni inalegea, tapeti zinalia. Taa nyekundu ya oili haitakuokoa, kwa sababu haipimi kiwango. Huwaka presha ikiwa imeshaporomoka. Mtu kama huyu akiwekewa oili nzito atatulia, kwa kuwa amepata oili kamili, lakini sifa zitaenda kwa unene.

Magari mengine yana historia yake ya kula oili. Injini ya 1ZZ-FE ya matoleo ya mwanzo, ile ya lita 1.8 kwenye Allion, Premio na Corolla nyingi, ilikuwa na pistoni zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vikiziba kwa masizi, ringi hunata na oili hupanda kuungua pamoja na petroli. Baadaye pistoni hizo zilibadilishwa. Oili nzito hapo hupunguza ulaji kwa muda, lakini ringi iliyonata inaendelea kunata. Na oili inayoungua huacha masizi juu ya pistoni, nayo huleta mlio wa aina nyingine kabisa, nitakaoueleza sasa.

Tuje kwenye milio, kwani hapa ndipo maarifa ya fundi yanapoonekana. Fundi mzuri huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, akihamisha kutoka juu kwenda chini. Mlio mwepesi wa haraka kutoka juu, chini ya kifuniko cha vali, mara nyingi ni wa tapeti. Kemu huzunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa hiyo mlio huo huenda kwa nusu ya mwendo wa injini, na sikio lililozoea hulitambua hilo. Sasa, yapo magari yenye tapeti za haidroliki zinazojazwa na oili. Hizo zikilia, oili safi yenye mnato sahihi inaweza kuziponya kabisa. Lakini 1NZ-FE na 1ZZ-FE hazina tapeti za aina hiyo. Zina vikombe vya chuma kitupu, na nafasi yake hupimwa kwa filagesi injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Nafasi ikiwa imepanuka, tiba ni kubadilisha kikombe kwa chenye unene unaotakiwa. Oili ya aina yoyote haiongezi unene wa chuma.

Kuna hatari nyingine upande huu ambayo nadhani haisemwi vya kutosha. Vali iliyolegea hupiga kelele na huishi muda mrefu. Vali iliyokazwa kupita kiasi iko kimya, na ndiyo inayoungua, kwa sababu haikai kwenye kiti chake muda wa kutosha kupoza joto. Mwenye gari anayetafuta ukimya kwa gharama yoyote anaweza kuuona ukimya wa vali inayoungua na akashukuru.

Mlio wa pili ni ule wa asubuhi: unawasha, injini inatoa mchakacho kwa sekunde mbili tatu, kisha inatulia. Huo ni wa cheni au gia ya VVT-i, ikisubiri oili ifike. Chanzo kinaweza kuwa tenshena iliyochoka au cheni iliyorefuka, lakini pia kinaweza kuwa kitu cha bei ndogo sana. Ndani ya filta ya oili kuna kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi yote kwenye sampu gari likiwa limezimwa usiku. Filta bandia huwa na mpira mgumu usioziba, au usiofaa kabisa. Ukiweka 20W-50 kutibu mchakacho huu umezidisha tatizo: oili itachelewa zaidi kufika. Filta halisi na oili nyepesi zinaweza kuumaliza.

Mlio wa tatu husikika injini ikiwa baridi, mzito kidogo, kutoka katikati, na hupotea injini ikishika moto. Ni pistoni inayopiga ukuta wa silinda kwa sababu ya kulika; ikivimba kwa joto, nafasi hupungua. Hauvutii, lakini gari linaweza kuishi nao miaka mingi. Mlio wa nne ni mkwaruzo mkali unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda kilima, ukiachia unakwisha. Huo ni wa petroli kulipuka kabla ya wakati wake, kwa sababu ya masizi, joto au petroli duni, na oili nzito haiugusi. Ipo pia milio ambayo si ya ndani ya injini: gasketi ya ekzosti inayovuja hulia kwa namna inayofanana sana na tapeti, nozeli hugonga kwa kazi yake ya kawaida, beringi ya pampu ya maji huunguruma, bati la kukinga joto hutikisika. Wapo watu waliobadilisha oili mara kadhaa kwa ajili ya boliti moja ya ekzosti iliyolegea.

Wa mwisho ndio wa kuogopwa: mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukipiga resi na unaosikika zaidi injini ikiwa ya moto. Hizo ni beringi za konrodi. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kuchomoa waya wa koili na wa nozeli wa silinda moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika au kupungua kwenye silinda fulani, beringi yake imekwisha. Ukimwaga oili na ukaona vumbi linalometameta, au ukipasua filta ya zamani na kukuta vipande vya chuma kwenye karatasi yake, huna haja ya ushahidi zaidi. Ni huu mlio ambao oili nzito huunyamazisha vizuri kuliko yote, na ni huu ambao haukupaswa kunyamazishwa. Beringi iliyogunduliwa mapema hubadilishwa pamoja na kusawazisha krenki. Iliyofichwa kwa miezi mitatu huvunja konrodi, nayo hutoboa bloku.

Ni lini, basi, oili nzito ni uamuzi sahihi? Kuna hali kadhaa. Kitabu cha gari kilichoandikiwa nchi za joto mara nyingi kina jedwali linaloruhusu 10W-40, 15W-40 au hata 20W-50 kwa joto letu. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani huja na kitabu chenye ushauri wa huko, na si dhambi kupanda gredi moja. Injini iliyolika kwa haki yake, kilomita zaidi ya 200,000, yenye kula oili kidogo na isiyogonga chini, inaweza kufaidika kutoka 5W-30 kwenda 10W-40. Anayebeba mizigo mizito kwenye mlima wa Kitonga kila wiki ana sababu nzuri kuliko anayezunguka Masaki. Ningependekeza kupanda hatua moja, kupima presha kwa geji halisi kabla na baada, injini ikiwa ya moto na ikiwa silensa, kisha kuandika namba hizo mahali. Kuruka kutoka 0W-20 hadi 20W-50 kwa siku moja, kwenye injini yenye VVT-i, sijaona hoja ya kutetea jambo hilo.

Ubora wa oili, kwa maoni yangu, unazidi unene kwa umuhimu, ingawa ndio unaoangaliwa mwisho. Kwenye galoni tafuta herufi za API, zinazoonyesha daraja la ubora. SP ilianza 2020, SN mwaka 2010. Bado zinauzwa kwa wingi oili za bei nafuu zenye SF, daraja lililoandikwa kwa injini za 1988 na za kabla ya hapo, na SG, la injini za 1993 kurudi nyuma. Ukiiwekea IST ya 2003 oili ya SF, hata ikiwa nzito kiasi gani, umeipa ulinzi wa gari lililoitangulia kwa miaka 15, na uwezo mdogo wa kusafisha tope. Tope hilo si jambo la kubahatisha: mwaka 2002 Toyota ilitangaza nchini Marekani kwamba ingegharamia matengenezo ya injini za 5S-FE na 1MZ-FE za 1997 hadi 2002 zilizoathiriwa nalo. Tope hukaba wavu wa pampu, na injini hulia huku kijiti kikionyesha oili imejaa. Na oili iliyobadilika kuwa nyeusi haraka isikutishe. Mara nyingi inaonyesha kwamba inasafisha. Ya kuogopa ni iliyo na rangi ya chai ya maziwa, ambayo imechanganyika na maji, au inayonuka petroli.

Muda wa kubadilisha nao unahitaji kufikiriwa upya. Kilomita 5,000 za stika hazilingani kwa watu wawili. Anayesafiri Dodoma na kurudi kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza umbali huo ndani ya saa 83 za injini. Anayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au Mombasa Road kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa huendesha injini saa 333 kwa umbali uleule, kwenye joto, bila upepo wa kutosha wa kuipoza. Wa pili angefaa kubadilisha kwa kilomita 3,000.

Mnunuzi wa gari lililotumika ana la kujilinda pia. Fika kabla muuzaji hajaliwasha, gusa injini uhakikishe ni baridi, chomoa kijiti na usugue oili kati ya vidole. Oili mpya kabisa, nzito sana, kwenye gari linalouzwa leo, ni sababu ya kuuliza maswali kabla ya kuuliza bei. Kisha washa mwenyewe na usikilize sekunde kumi za kwanza bila redio.

Kwa yule ambaye beringi zake zimeshakwisha, ushauri wa unene haumhusu tena. Anachagua kati ya ovaholi na injini iliyotumika kutoka Japani, zile zinazouzwa Gerezani au Kirinyaga Road. Wengi huchagua ya pili kwa sababu ni ya haraka. Basi aombe ifunguliwe kifuniko cha vali pale dukani aone kama ndani ni safi au kuna tope, na azungushe krenki kwa mkono kuhisi kama inakwama. Ikishafungwa kwenye gari isiwashwe moja kwa moja, kwa maana imekaa miezi bila oili kwenye beringi zake. Itiwe oili ya gredi iliyo kwenye kitabu na filta mpya, plagi zitolewe, nyaya za nozeli zichomolewe, stata izungushe kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Plagi zirudishwe baada ya hapo.